Wavu wa Upande Wangu

Kiwanja cha jirani kilikuwa kichaka tu, hadi mwenyewe alipotandika nyasi za plastiki, akasimamisha taa na kuanza kukodisha uwanja wa mpira kwa saa. Kibali hakuwa nacho. Alipokwenda kukiomba kaunti, likabandikwa bango ukutani: ardhi ibadilishwe matumizi, kutoka makazi hadi michezo, na mwenye pingamizi aseme.

Mimi hapa Kisauni nakaa peke yangu. Mume wangu amekufa, wanangu wako Arabuni, na simu zao ni za Ijumaa. Ua wangu na uwanja ule vilitengwa na ukuta mfupi, basi kila jioni mpira ukaangukia kwangu. Wa kwanza kuufuata alikuwa kijana wa bara, mpakiaji wa makontena, jitu zima lina ndevu, akaingia moja kwa moja.

"Mathe, tunaomba boli."

Nikamwambia kwetu mtu hupiga hodi, huamkia, ndipo akasema shida yake. Akatoka hadi langoni, akaanza upya. Tangu hapo kila aliyekuja alikuja na shikamoo yake, nami nikimuuliza kama amekula. Wengine walikaa kibarazani wakanywa maji, wakanieleza habari za mama zao. Nikawa jua likipungua tu, masikio yangu yako langoni.

Majirani nao wakasema nateswa. Siku maafisa wa kaunti walipokuja kukagua, wakanisimamisha mbele. Afisa mmoja, mwanamke mpole, akaniuliza, "Bi mkubwa, kelele na mipira havikusumbui?"

"Havinisumbui, mwanangu. Wallahi napenda."

Wakaangaliana. Jirani yangu wa nyuma akamwambia afisa, "Mama huyu ana adabu zake. Sisi watu wa Pwani hata ukitukanyaga mguu tutakwambia haidhuru."

Na kweli ndivyo tulivyo, ndilo lililoniponza. Nikasema tena, kwa sauti. Afisa akanishika mkono, akaniambia nisione haya, haki yangu itaangaliwa.

Kibali kikatoka na sharti lake: wavu mrefu upande wangu. Ulipokwisha kufungwa, mwenye uwanja akaja mwenyewe kunionyesha. "Sasa utapumzika, mama." Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jioni nawasikia. Wanagombezana, wanacheka, mpira unagonga wavu unarudi kwao. Hakuna aliyenikosea, hata wa kumfokea sina. Upweke huu umenizidi kuliko ule wa kwanza, maana huu una sauti za watu.

Juzi nikifagia nimeuona mpira mmoja wa zamani nyuma ya tangi la maji. Nimeupangusa, nimeuweka kibarazani, pahali unapoonekana ukisimama langoni. Kuwarushia, siwarushii ng'o. Anayeutaka na aje apige hodi.