Kilio cha Mama wa Liangshan

Asubuhi ile nilimkuta fundi wa mitambo amesimama mlangoni pa ofisi yangu, mikono imejaa grisi na macho mekundu, nikadhani mashine imemuumiza. Akaninyooshea simu. Kwenye picha palikuwa na mwanamke mzee amelazwa kiubavu, amefunikwa joho la sufu nyeusi hadi kidevuni.

"Mama yangu," akasema kwa Kichina. "Wanangoja kuhani achague siku ya kumchoma. Mimi ndiye kifungua mimba. Nisaidie nipate pasipoti yangu."

Pasipoti yake ilikuwa kwenye sanduku la chuma la bosi, pamoja na za wenzake wote. Bosi alisema ni kwa usalama wao. Mimi nilikuwa mkalimani wa kampuni ile ya dhahabu, iliyopanga nyumba kubwa yenye uwanja huku Ibanda, mjini Bukavu, karibu na ziwa; magari na mitambo ilipitia hapo kabla ya kupanda Mwenga, kwenye machimbo. Kichina nilijifunzia Sichuan, huko China, kwa bursi ya masomo ya serikali yao. Watu wa avenyu yetu waliniita Maman Chinois, Mama Mchina, ingawa sijazaa Mchina wala Mkongo, na ulimi wangu mkali unajulikana kuliko Kichina changu.

Huyu fundi hakuwa Mchina kama bosi alivyokuwa Mchina. Alitoka milima ya Liangshan, na kabila lake Wachina wengine huliita Yi. Nilipofika China mara ya kwanza na kuona kitambulisho cha kila raia kimeandikwa kabila, nilicheka, nikasema kumbe sijatoka nyumbani. Mimi ni Mrega niliyekulia katikati ya Bashi. Swali la "uko kabila gani" nimelijibu kabla ya kujua kuhesabu. Kicheko kiliniisha haraka. Darasani kwetu alikuwepo msichana wa milima hiyohiyo. Siku za sherehe walimvisha sketi ya rangi na vito vya fedha acheze mbele ya wageni. Siku za kawaida alikwenda kutafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba akasoma kadi yake, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Kwangu mimi hawakuhitaji kusoma kadi.

Hapa Bukavu mambo yalikuwa yaleyale, ila yamebebwa kwa ndege. Wachina wa mjini walilala ndani ya nyumba, penye jenereta. Fundi alilala kwenye kontena kando ya mitambo, akala wakishamaliza wenzake, na mpishi alimwiga anavyotamka maneno, meza nzima ikacheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa na pasipoti ya rangi moja. Ndiyo maana jioni alikuwa akitoka getini kula viazi vya kuchoma kwa maman mmoja aliyekuwa na mbabula yake, jiko la makaa, pale nje. Alivila na maganda yake, kama kwao.

Nilikwenda kwa bosi naye nyuma yangu.

"Mama yake amekufa?" Bosi hakuinua hata kichwa. "Watu wa milima ile mama zao hufa kila wakichoka kazi. Kuna mmoja alifiwa na baba, mpaka leo hajarudi. Mtambo wa Mwenga haujatengenezwa. Mwambie arudi kazini."

"Hahitaji nimwambie," nikasema. "Amekusikia. Na picha nimeiona mimi."

"Picha!" akasema, kama mtu anayetupa ganda.

Fundi akarudi kwenye mtambo. Utii wake ulinikera kuliko maneno ya bosi. Kazi yangu ilikuwa pale, kodi ya nyumba yangu ilitoka pale, na siku ya kuhani ingeweza kuwa kesho au keshokutwa. Nikamvuta mkono jioni, nikampeleka kwa watu wa sosiete sivile.

Kwa asiyejua mji wetu: kila mtaa hapa una sosiete sivile yake, yaani raia wanaokutana, wanaoandika malalamiko, wanaopiga kelele redioni barabara ikikatika au askari akipiga mtu. Rais wa ile ya mtaa wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Walikutana kwenye uwanja wa kanisa, na yule maman wa viazi alikuwemo, maana ndiye aliyeongoza wanawake wa avenyu. Fundi alipoelewa nimemleta kwa watu gani, alisimama aondoke. Huko China niliwahi kuwa kwenye kikundi cha wanafunzi waliofundisha watoto wa vibarua bila malipo. Siku moja tulikuta mlango umebandikwa karatasi ya polisi, na kiongozi wetu hakutaka tena kutupokea simu. Kwa hiyo woga wake niliujua.

"Nikizungumza na watu hawa," akaninong'oneza, "ndugu zangu wataitwa kunywa chai."

Nikatafsiri kama alivyosema. Ulimi ulinitangulia.

"Ile haiko mubaya!" akasema rais. "Bakunywe. Hata sisi tutamupatia, na mukate juu!"

Watu wakacheka, na mimi mwenyewe nikacheka huku nimeona haya. Nikawaeleza kwamba kwao kunywa chai ni kuitwa na polisi, unakalishwa, unaulizwa nani alikutuma, na kikombe kweli kinakuwepo mezani. Kicheko kikakauka.

"Sawa, nimesikia," akasema rais. "Huku banasemaka 'kuja kidogo tuongee.' Lakini maman, sisi tuko sosiete sivile ya Bacongomani. Batu betu banafukuzwa mu mashimo ya dhahabu kule Mwenga, banafukuzwa na hawa Bachinois. Na weye njo unatuletea Muchinois tumulilie?"

Wajomba zangu mimi walikuwa miongoni mwa hao waliofukuzwa. Alisema kweli.

Maman wa viazi ndiye aliyeingilia kati. Alimwangalia fundi, akauliza swali letu lile: "Iko kabila gani?"

Nikatafsiri. Nilitegemea aseme Yi, neno la kwenye kadi. Akasema, "Nuosu." Hilo si neno la Kichina. Nikamuuliza maana yake, akanieleza, nikaona aibu kwamba nimekaa kwao miaka yote ile nisilijue.

"Anasema bo benyewe banajiita hivi. Njo kusema, batu beusi."

"Beusi?" Maman akapiga makofi. "Kumbe ni wetu!" Wakacheka tena, naye akatabasamu bila kujua kwa nini. Kisha maman akaacha kucheka. "Mama yake alikufa kweli?"

"Kweli."

"Na kilio iko wapi?"

Kwetu kilio si kulia tu, ni mahali. Mtu akifiwa, pale anapokaa panafungwa turubai, vinaletwa viti, unawashwa moto, na watu wanakaa naye asibaki peke yake.

"Mutu anafiwa, analala mu kontenere, anaamuka anatengeneza mashine, na sisi tunapita tu pale na tunasalimia?" Alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya kisiasa. "Kilio inawekwaka penye mufiwa anakaa. Anakaa wapi? Mule mu geti. Bon. Kama banatukatalia kuingia, tutakaa inje."

Rais alikuna kichwa. Alisema hiyo si kazi ya sosiete sivile. Maman akamjibu, "Basi lala, papa. Sisi tutakuja na shitingi."

Kulipokucha shitingi, turubai la plastiki, lilikuwa limefungwa kati ya ukuta wa kampuni na nguzo ya umeme, viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa hadi katikati ya njia, na sufuria la maharage liko motoni. Wanawake waliimba, Kimashi kwanza, kisha Kiswahili. Rais alikuja pia, amevaa koti lake jeusi, akakaa mstari wa mbele. Fundi walimketisha kwenye mkeka. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Geti likafunguka, kamion, lori la kampuni la kwenda Mwenga, ikachungulia. Dereva, mtoto wa mtaa wa Kadutu, akaona turubai, akazima mota. Bosi akatoka akipiga kelele, nami nikamtafsiria dereva: bosi anasema wapigie honi, pita.

"Maman Chinois, mimi sipite juu ya kilio," akasema dereva. "Hata akinifukuza. Siku yangu ikifika, nani atakuja kwetu?"

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Vijana walianza kujaa upande wa pili wa barabara. Hawakuja kwa ajili ya mama wa mtu. Nilisikia "Bachinois barudi kwao," nikaona mmoja ameshika jiwe, na macho yake yalikuwa kwa fundi, si kwa bosi. Kwake wote walikuwa Wachina tu. Nikajiona mjinga wa mwisho: nimemtoa kwenye kontena, nikamweka barabarani apigwe mawe na watu wangu.

Maman akainuka na mwiko mkononi. "Weye, unashika jiwe mu kilio? Kwenu bakufundisha vile? Tupa, ao nikufuate mpaka kwa mama yako!"

Jiwe likaanguka. Wachache wakaondoka, wengine wakakaa, maana maharage yalianza kunukia.

Kisha wakaja polisi, wameitwa na bosi. Komanda wao aliuliza nani ametoa ruhusa ya mkutano.

"Haiko mukutano," akasema rais wa sosiete sivile, akasimama na koti lake. "Ni kilio."

"Nani alikufa?"

"Mama ya huyu."

Komanda akamtazama yule mtu wa Liangshan kwenye mkeka. Nilihesabu bunduki zao, nikaangalia wapi pa kukimbilia. Komanda akavua kofia, akampa mkono fundi, akasema pole, akatafuta kiti.

Bosi alipoona hivyo alinigeukia. Akasema kwa sauti: "Waambie wanadanganywa. Watu hawa wa milimani ni walevi na waongo, hawajasoma, hata nyumbani tunawajua. Hakuna aliyekufa. Waambie!"

Nilikuwa nimeajiriwa kutafsiri, nikatafsiri. Sikupunguza neno. Nilisimama juu ya kiti ili hata wa nyuma wasikie, nikasema kila tusi lilivyokuwa, kwa Kiswahili cha Bukavu. Niliona furaha mbaya nikifanya hivyo, siwezi kuficha. Wimbo ulikatika.

Hapo fundi akaanza kuomboleza. Hakusema kwa Kichina. Sauti ilitoka chini, ikapanda, ikashuka, ikarudia neno moja, na nilisikia humo neno "amo," ambalo hata mtoto angejua ni mama. Wanawake hawakuelewa chochote, wakajua pa kuitikia. Bosi akanisogelea.

"Anasema nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Ni lugha ya nchi yako."

Akamtazama komanda kwenye kiti chake, akaitazama kamion iliyozimwa, kisha akaingia ndani. Baada ya muda mlinzi alileta pasipoti, akanipa mimi, kwa kuwa aliogopa kukanyaga mkeka. Alileta na ujumbe wa bosi kwangu: kesho nisije kazini.

Tiketi ndugu zake walishamnunulia. Ndege ilikuwa ya usiku, kutokea Kigali, Rwanda. Tukapanda pikipiki mbili hadi mpaka wa Ruzizi. Bosi alidhani turubai litafunguliwa tukiondoka. Maman alimwambia kilio kina siku zake, mfiwa awepo au asiwepo.

Tulikuwa kwenye foleni, watu wawili tu mbele yetu, simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake. Alisikiliza sana, akajibu kidogo, akairudisha mfukoni, akatoka kwenye foleni. Nikamfokea arudi haraka, tutapoteza nafasi.

"Wamemchoma leo asubuhi," akasema. "Huku ilikuwa bado usiku, mmelala. Kuhani hakuweza kungoja."

Nikaanza kulia palepale, mbele ya wachuuzi na askari wa mpaka. Nililia kwa uchungu wake, na kwa kazi niliyoipoteza bure. Nikamwambia aende hivyohivyo, ni mamake, kaburi lipo.

"Sisi hatuna kaburi," akasema. "Majivu yanapelekwa mlimani. Kule wamemaliza, kila mtu amerudi kwake. Hapa bado wanalia."

Tukarudi. Maman alituona tukishuka kwenye pikipiki, akausoma uso wake. Alisogea kwenye mkeka akampa nafasi. Wanawake wakainua wimbo upya. Geti likafunguka nusu, bosi akatokeza. Alimwona, akaja hadi ukingo wa turubai, akanyoosha mkono.

"Hukwenda? Basi ilete."

Komanda akageuza kichwa. Wote walinitazama mimi nitafsiri. Fundi hakusimama. Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, inaonekana.

"Nimefiwa," akasema kwa Kichina.

Mara hii bosi hakubisha. Aliushusha mkono, akarudi ndani, akalifunga geti polepole bila kuligonga, kama watu wote wanavyofanya wakipita penye kilio.