Fundi Alinitungia Fumbo, Nikalijibu kwa Pupa

Dada mmoja wa Nakuru ametuletea haya. Jina lake tumelificha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho ndipo mseme.

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa hapa hapa mtaani Bondeni. Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa kaka yangu, na sasa natumia sindano kujitafutia: napiga pindo, nashona matundu ya vifungo. Nilisoma kidogo, kwa hiyo wanawake wa mtaani huniletea barua niwasomee. Nilijiona msomi, na ndiyo maana ninayoyaandika hapa yananichoma uso hata nikiwa peke yangu.

Kazi nyingi nilipewa na fundi mmoja aliyeshona kwenye kibaraza cha duka mjini. Ni mtu mpole, amefiwa na mke. Alikuwa hanunui gazeti kwa sababu ya habari, alinunua kwa sababu ya fumbo la maneno, lile la wanaoanza. Siku vumbi la ziwani likivuma na wateja wakijifungia majumbani, alinifundisha.

"Mnyama yuko katika shamba linalopakana na letu," alinisomea siku moja. "Herufi nne."

Nikataja fisi, nikataja mbwa.

"Dada, unakimbia. Angalia ndani ya 'linalopakana'. Si paka huyo amelala?"

Nilicheka mpaka machozi. Akaniambia pia kwamba maneno mengine husomwa kutoka nyuma, na kwamba nisiamini jibu lolote mpaka nione kama linapatana na neno linalolikata. Hayo niliyasikiliza nusu nusu, maana nilikuwa bado namcheka yule paka.

Tulizoea kutaniana. Aliwahi kuniuliza kama nitaolewa tena. Nikamjibu, "Labda nipate ubia. Utumishi nimeshauonja." Akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Neno lenyewe mimi nikalisahau.

Siku nyingine nilifungua kanzu aliyonipa nipige pindo, nikakuta karatasi. Amenitungia fumbo lake mwenyewe, dogo. La kwenda kando liliuliza: "Ninachokuomba ni fedheha iliyogeuzwa. Herufi nne." Na kutoka kwenye herufi yake ya kwanza, la kushuka: "Hupamba bustani, lakini likiwa amri mtu hufa. Herufi mbili."

Fedheha si ni aibu? Herufi nne zikaenea sawasawa. La kushuka likawa linaanza na A, sikuona neno, nikaachana nalo. Macho yalikuwa yamenata pale juu: ninachokuomba ni aibu. Wasomaji, mwanamke aliyeachika anajua anavyotazamwa, kama mlango usio na komeo. Nikasema, kumbe na huyu ni wale wale.

Nilikwenda kibarazani na kaka yangu nyuma. Nikaisoma ile karatasi kwa sauti mbele ya wateja. "Mimi ndiye wa kuombwa aibu? Mimi?"

Fundi akasimama, utepe wa kupimia bado uko shingoni. "Dada, maliza kwanza hilo la kushuka."

"La kushuka utashuka nalo wewe!" Nikamtupia karatasi usoni.

Watu wakaangua kicheko. Kaka akamwambia, "Wewe fundi, toa cherehani yako hapa leo. Sitaki kukuona." Mwenye duka hakutaka ugomvi na majirani, naye akamwambia aondoke. Alitoka na kichwa cha cherehani yake begani bila kugeuka. Mimi nilirudi nyumbani naringa.

Juzi mama mmoja alileta gauni la binti yake anayeolewa. Akanionyesha mkono wa gauni. "Mwanangu, hapa nitilie ua moja tu."

Ua! Sindano ikasimama mkononi. Ua hupamba bustani. Na mtu akiamriwa "ua", mwenzake hufa. Basi herufi ya kwanza ilikuwa U. Nikaigeuza aibu, nikaiandika kwa kidole gotini: u, b, i, a. Ubia. Neno langu mwenyewe, alikuwa ameniwekea siku zote hizo. Yule mama akaniuliza kama nimejidunga. Nikamwambia ndiyo.

Nimejiuliza kwa nini hakujitetea. Naona angelitaja lile neno pale, mbele ya kaka na wateja, ningekuwa gumzo la Bondeni nzima. Yeye alinyamaza kunisitiri, na mimi nilishamvua nguo hadharani. Naona haya, wasomaji. Naona haya hata kupita ile barabara.

Sasa nasikia yuko Gilgil, anatia viraka makoti ya vibarua. Habari zilimfuata huko, hakuna mzazi anayempelekea binti apimwe gauni. Kaka nimemweleza yote. Akasema, "Wacha hiyo maneno. Ukienda kujikana watasema ulikuwa naye tangu zamani. Na nani atakuletea barua tena, akisikia hujui kusoma?"

Nimejaribu kumtungia fumbo langu: "Mwanamke asiye na amani ameficha jibu lake. Herufi nne." Limelala ndani ya 'na amani', kama yule paka: naam. Lakini aibu nilimpa mbele ya watu. Kumpelekea naam kwa siri naona ni kama kumwibia. Na kwenda kusimama kibarazani pale pale, niseme kwamba mjinga nilikuwa mimi, miguu inakataa.

Wakubwa kwa wadogo, naombeni neno lenu. Nifanye nini? Nianze kibarazani au nianze Gilgil? Na nikimpelekea fumbo, itakuwaje naye akilisoma kwa pupa, kama nilivyolisoma lake?