Wanaume Wapite Mlango wa Nyuma

Hasira yangu ilianzia kwenye kufuli. Lilikuwa kufuli kubwa la stoo, la aina ile wanayofungia maduka ya vitenge kule mpakani, na ndani ya stoo, katikati ya magunia ya mchele wa Kamsamba, alikuwa amekaa bibi wa watu. Ushungi umemfunika hadi puani. Mikono yake mitupu ilikuwa inapepeta ungo usiokuwepo.

"Usimtoe, dada," mwanawe aliniambia. "Akitoka anakimbilia barabarani. Malori yatamsaga."

Mwanawe mwenyewe alikuwa mtu mzima, ndevu zimeshaingia mvi, mfanyabiashara wa mchele anayesalimiwa kila kona ya Tunduma. Hakuwa katili. Alikuwa amechoka.

"Ananikimbia mimi," alisema. "Mimi kifungua mimba wake! Akiniona anajifunika uso, anachuchumaa, nikisogea anatoka mbio. Mwaka juzi nilizika mtoto, dada. Sasa majirani wanasema mama hawezi kunitazama kwa sababu anajua alichofanya."

Nilimwangalia yule bibi akipepeta hewa, nikaona roho inanichemka. Nikamwambia kaka yule, nipe mimi, nitakaa naye mchana, wewe uendelee na biashara zako.

Nilikuwa na haki ya kusema hivyo kwa sababu nilikuwa mwenyekiti. Mnisamehe nikicheka. Darasa la saba, muuza vocha wa Chapwa, mwenyekiti wa kikundi cha kutunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Nilikianzisha baada ya bibi yangu kule Nanyala kutoka nyumbani asubuhi kwenda kuchota maji kwenye mto wa utoto wake, akakutana na barabara kuu. Wazee wa kamati walinichagua mwenyekiti kwa kuwa nilikuwa na miguu ya kwenda na kurudi halmashauri bila kulalamika. Ofisi yetu ilikuwa jengo la mashine ya kusaga iliyokufa zamani. Tulikuwa na mabenchi, sufuria la uji, na mhuri. Mimi lakini nilikuwa nimeshaona mbali: nyumba kubwa ya rangi ya njano, bustani, kila mzee na dirisha lake. Hata mapazia nilikuwa nimeshayachagua.

Na wazee wetu walikuwa wa kila namna. Palikuwa na Wanamwanga na Wanyiha. Palikuwa na mama mmoja wa ng'ambo, Mbemba, anayemwita kila mtu "bamayo", yaani mama, hata wanaume. Palikuwa na babu aliyekuwa dereva wa masafa, mtu wa Tanga, ambaye kila akiamka usingizini aliuliza, "Foleni imesogea?" nasi tunamjibu, "Imesogea kidogo, mzee." Anaridhika, analala tena. Na palikuwa na bibi mmoja Mndali wa milima ya Ileje, anayeniuliza jina langu, ananisifia kuwa nimependeza, halafu ananiuliza tena. Tuliwapa mahindi wapukuchue. Kichwa kinaweza kusahau watoto, mikono haisahau mahindi.

Bibi wa stoo alipofika asubuhi ile alikaa, akachukua hindi, akaanza kazi kama aliyekuwepo siku zote. Nikafurahi, moyo ukawa mwepesi kabisa.

Ndipo akaingia mweka hazina wetu. Mzee wa kanisa, koti, fimbo, mwendo wake wa taratibu usiosikika. Bibi alimwona. Mahindi yakamwagika. Alivuta ushungi, akainama, akakimbilia nyuma ya ile mashine na kujibanza pale kwenye vumbi.

"Kaona nini huyu?" mzee akauliza, kwa sauti ya juu, watu wote wasikie.

Yule babu dereva alipojikongoja kuja kuuliza foleni, bibi akajibanza zaidi. Wanawake aliwaacha wampite, hata akawashika mikono. Ni wanaume wazee tu aliowakimbia.

Mchana uleule kamati ikakaa, palepale ndani, wazee wakiwa wanasikia.

"Mwenyekiti, mwanangu," mweka hazina alianza, "una huruma, hilo hatukatai. Lakini huyu ana mambo yake."

"Mambo gani, mzee?"

"Mambo. Yanajulikana."

"Mimi siyajui. Niambie."

Akageukia wenzake. "Mnaona? Mtoto." Kisha akasema Waislamu wenzake bibi wana msikiti, wampeleke wakamsomee. Mjumbe mwingine, muuza vipuri na mtu wa msikitini, akaruka: walishamsomea, hayo aliyo nayo ni ya kwao huko milimani alikozaliwa, basi makanisa ya milimani yamwombee. Walirushiana bibi wa watu hivyo kama chenji ya kwacha iliyochanika, kila mmoja anasema si yake. Naye yupo pale, hatua chache, nyuma ya chuma!

Yule bibi wa Ileje akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Nyie watu wa mjini hamna haya," alisema. "Mnamvamia bi harusi."

"Bi harusi yupi, bibi?" nikauliza.

"Si huyo aliyejificha? Anamkwepa baba mkwe wake." Akatuangalia kama watoto wajinga. Kwao, akasema, mke wa mtu haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anaiacha njia, anaingia majanini, anajifunika mpaka apite. Na baba mkwe mwenye adabu hukohoa kutoka mbali, mkwe apate nafasi. "Huyu wenu anaingia kimya kimya kama paka. Nani kamlea?"

Nilikwenda nyuma ya mashine, nikakaa kwenye vumbi naye. "Bibi, yule ni nani?"

"Baba wa mume wangu," alininong'oneza. "Ameondoka?"

Mume ambaye Tunduma walimjua alikuwa mtu wa pwani aliyekuja peke yake na lori. Baba yake hakuwahi kukanyaga huku. Kumbe kabla ya mume huyo, kabla ya ushungi na watoto, palikuwa na ndoa nyingine huko milimani ambayo hakuwahi kuisimulia. Ugonjwa ulikuwa umemrudisha huko. Hakuwa mchawi. Alikuwa msichana mwenye adabu.

Nilisimama nikiwa na furaha, nikidhani mambo yamekwisha. Nikasema: basi ni rahisi, wanaume wapite mlango wa nyuma, ule wa pumba, na wakohoe kabla ya kuingia.

"Mimi," mweka hazina akasema polepole. "Mzee wa kanisa. Nipite mlango wa pumba, nikohoe kama mwizi wa kuku, kwa ajili ya bibi asiyejua leo ni siku gani?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wageni wa halmashauri?"

"Nao."

Wakacheka. Kisha wakapiga kura, na waliopiga walikuwa wanaume watupu, maana wajumbe wanawake walikuwa nje wanakoroga uji wa wazee. Bibi arudishwe kwao. Arudishwe stoo, hilo ndilo walilopitisha, ila hakuna aliyelitamka.

"Gonga mhuri, mwenyekiti."

Mhuri ulikuwa mkobani mwangu. "Sigongi."

"Unasemaje?"

"Sigongi! Mpakani askari akiwaambia mvue mikanda mnavua, kofia mnaziweka kwapani, mnasema ndiyo afande! Leo mnaombwa kikohozi tu, bibi wa watu apate kujifunika, mnaona mmevuliwa nguo!"

Mengine niliyosema siyaandiki. Mweka hazina aliondoka na wenzake akitangaza kwamba kikundi kimekufa, na jioni ile familia kadhaa zikaja kuchukua wazee wao. Nilibaki na wanawake, babu wa foleni na mabibi. Nyumba yangu ya njano niliiona inabomoka ukuta kwa ukuta.

Ndipo akaja yule mwana, ufunguo wa stoo unaning'inia kidoleni. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Nilimzuia nje nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hanichukii?"

"Hakujui, kaka. Anakuona baba mkwe, anakuheshimu."

Alifuta uso kwa kiganja. Kisha akazunguka jengo, akasimama kwenye mlango wa pumba, akakohoa.

Ndani, bibi alivuta ushungi. Hakukimbia. Alikwenda nyuma ya mashine kwa hatua za kawaida, akakaa vizuri, akampa mgongo. Mwanawe aliingia, akaweka chupa ya chai na maandazi kwenye benchi, akautazama ule mgongo, akatoka. Bibi akasema neno kwa Kindali, na mwenzake wa Ileje akacheka.

"Anasema huyu wa leo amelelewa."

Bado nina hasira. Mwanamume yule alikubali kuukosa uso wa mama yake ili mama akae kwa amani, na wale wengine hawakukubali kuzunguka jengo.

Kesho yake alituletea kufuli la stoo. Nililifunga kwenye mlango wa mbele. Siku wageni wa halmashauri walipokuja, mweka hazina, yuleyule aliyetangaza tumekufa, akiwa mbele yao na koti lake, wakalikuta pale wakagonga, nami nikawajibu kutoka ndani:

"Zungukeni nyuma, wazee wangu. Na mkohoe."