Mama wa mikrismasi aliyekubali ushuru, akakataa wizi

Saa nne asubuhi, pikapu ya kukodi inasimama pembeni ya soko mjini Musoma. Imejaa miti mibichi ya Krismasi iliyolazwa kichwa kwa mguu, na harufu yake inawafikia hata wauza sato walio upande wa pili wa barabara. Mwanamke aliyevaa kitenge na buti za mpira anashuka mbele na kuanza kufungua kamba kabla dereva hajazima gari.

"Usiuvute kwa matawi, kaka, utaunyonyoa," anamwambia dereva. "Shika shina."

Mti wa tatu haujagusa ardhi, mteja wa kwanza keshafika. Ni dada wa ofisini, mkoba begani, ana haraka.

"Mama Happyness, huu bei gani?"

"Elfu ishirini."

"Jamani! Mwaka jana si nilichukuaga kwa kumi na tano?"

"Mwaka jana ushuru haukuwepo, mdogo wangu. Hiyo elfu tano iliyozidi siyo ya kwangu. Subiri kidogo, risiti utaiona kwa macho yako."

Mkusanya ushuru anapita na mashine yake mkononi. Wauzaji wengine wa miti wanageukia bidhaa zao kama hawajamwona. Marcelina Bernado, mama wa watoto wanne kutoka Suguti ambaye wengi humwita kwa jina la binti yake wa kwanza, anampungia mkono.

"Baba, anzia huku. Mimi niko tayari."

Mtu mmoja nyuma yake anasonya. Marcelina hageuki.

"Wananiona kama mimi ndiye niliyeuleta," anasema huku akipanga miti kwa urefu. "Sikuuleta. Ila nilisimama mbele ya watu nikasema nakubali kulipa. Hilo ndilo hawajanisamehe."

Ushuru wenyewe ulitangazwa Oktoba: shilingi elfu tano kwa kila mti mbichi wa Krismasi utakaouzwa, uwe mrefu au mfupi. Tangu siku hiyo wauzaji wa Musoma, Bunda na Butiama hawana mazungumzo mengine. Wengi wao hununua miti kwa watu mbalimbali na kuiuza kwa wiki tatu tu kwa mwaka. Marcelina ni miongoni mwa wachache wanaoiotesha wenyewe.

Hakuanza na miti. Alizaliwa Bukima, kando ya ziwa, na baada ya kuolewa Suguti aliendelea na kazi ya mama yake ya kuanika na kuuza dagaa. Miaka kadhaa iliyopita parokia yao ilihitaji mti wa Krismasi, naye akaikatia mmoja kutoka kwenye ua wa nyumba yake. Kwa kuwa mti ulikuwa mrefu kupita mlango wa kanisa, alikata juu tu, akaacha matawi ya chini.

"Baada ya miezi naona tawi moja linainuka," anasimulia. "Lililala kama mengine, halafu likajikunja kuangalia juu. Mwaka wa pili limekuwa mti. Nikasema, kumbe huyu hafi!"

Alichukua mbegu, akatengeneza kitalu nyuma ya jiko, akaanza kupanda kwenye mteremko wa mawe ambako mihogo ilikuwa ikidumaa. Mume wake, Renatus, ambaye ni seremala, hakupendezwa.

"Nilimwambia ukweli wangu," anasema Renatus akicheka. "Nilisema wenzako wanalima mihogo watu wale, wewe unalima majani ya kuangalia."

Majani hayo ya kuangalia yalimpeleka binti yao wa kwanza, Happyness, chuo cha uuguzi. Msimu mzuri uliwaingizia karibu milioni moja na nusu, fedha ambayo dagaa hawakuwahi kumpa kwa mkupuo. Na kila mti aliouvuna ulibaki na matawi yake ya chini, ukianza tena safari ya miaka mitatu au minne.

Ndipo ikaja Desemba ya mwaka jana.

Ilikuwa Jumapili. Marcelina alitoka kanisani, akapanda mlimani kuchagua miti ya kukata kesho yake. Alipofika sehemu ya juu alikuta mwanga umeingia mahali ambapo hapakuwaga na mwanga. Miti kama sitini ilikuwa imekatwa na kuondolewa.

"Kuibiwa kunauma, lakini mtu unaibiwaga, unalia, unaendelea," anasema. "Kilichonivunja ni walivyokata. Wamekata chini kabisa, sawa na udongo. Hawakuacha tawi hata moja. Nikajua hii ndiyo basi. Nikakaa chini pale pale na nguo zangu za kanisani."

Renatus alimfuata. Hakusema neno kuhusu mihogo. Alizunguka, akagusa visiki kimoja kimoja, kisha akamwinua mkewe.

"Twende tukaitafute," akamwambia. "Miti ya Krismasi haifichwi. Lazima iuzwe wiki hii."

Kesho yake Renatus alikwenda Musoma, Marcelina akaenda Bunda. Mbele ya duka moja la ndoo, mikeka na mapambo, aliona miti imeegemezwa ukutani. Mwenye duka, Anuari, alikuwa akifunga taa za rangi kwenye mmoja wao.

"Kaka, habari za kazi," Marcelina alimsalimu. "Miti hii umeitoa wapi?"

"Nimeletewa na watu wa fuso, mama. Wamesema ya shamba lao."

"Ni ya kwangu."

Anuari alimtazama. "Mti una jina?"

"Hauna jina. Una kiwiko."

Marcelina aliuinua mti mmoja, akamwonyesha chini ya shina, mahali ambapo tawi la zamani lilijikunja kuwa mti. Mti uliotoka kwenye mbegu hunyooka kuanzia ardhini. Huu ulikuwa na kona kama ya mkono. Anuari akainua wa pili, kisha wa tatu. Yote ilikuwa na kiwiko.

"Nilisikia aibu ambayo sikuitafuta," anasema Anuari, ambaye mwandishi alimkuta dukani kwake akipanga ndoo. "Mimi nimenunua kwa hela yangu halali. Lakini mwenye mali amesimama mbele yangu, kashika mti kama mtu kamshika mtoto wake. Nikamwambia, mama, chukua."

Marcelina hakuchukua.

"Nikamjibu, nikaipeleke wapi, kaka? Imeshakatwa. Wewe uza, tugawane."

Waliuza, wakagawana. Watu wa fuso hawajajulikana mpaka leo. Lakini kuanzia siku hiyo Anuari hununua miti kwa Marcelina tu, na ndiye aliyempigia simu Oktoba kumpa habari ya ushuru mpya, kabla haijafika Suguti.

Mwezi uliofuata wauzaji na wakulima wa miti waliitwa kwenye kikao Butiama. Walijaa ukumbini, wengine wakasimama madirishani. Pazi, mfanyabiashara wa Musoma ambaye wauzaji wenzake walimchagua awasemee, alizungumza kwa uchungu.

"Mtu anauza miti wiki tatu, faida yake elfu sita, saba kwa mti. Ukimkata elfu tano umemwachia nini?" alihoji. "Mti wa plastiki unakaa dukani mwaka mzima, haudaiwi ushuru huu. Sisi tunaouza mti uliomea hapa hapa kwetu ndio tunadaiwa. Hatulipi!"

Ukumbi ulimpigia makofi. Marcelina naye alipiga.

Afisa misitu, Pastory, alijibu kwamba lengo siyo kuwakomoa. Alisema kila Desemba miti hupukutika kwenye nyua za makanisa, kando ya barabara na kwenye mashamba ya watu, na ofisi yake haina namna ya kujua nani kakata wapi. Kisha akamkaribisha Mwalimu Grace, anayefundisha shule moja ya msingi huko huko Butiama.

"Tulikuwa na safu ya mikrismasi upande wa upepo," Mwalimu Grace alisema. "Walioipanda ni wazazi wa watoto ninaowafundisha sasa. Tumefunga shule, tumerudi Januari, visiki. Sasa upepo ukija, vumbi lote darasani, na bati mbili zimeshang'oka. Ninyi mnazungumza faida, mimi nina watoto wanaofunika madaftari kwa mikono."

Marcelina anasema hapo ndipo alipohisi miguu yake inasimama yenyewe.

"Mimi naitwa Marcelina, natoka Suguti, naotesha miti," alianza. "Ushuru nakubali."

Kelele zikalipuka. Mtu akapiga kelele kwamba amehongwa. Pazi akamwomba akae.

"Sikai, mzee wangu, niache nimalize. Ushuru nakubali, lakini siyo huu. Huu hauniulizi mti nimeutoa wapi. Mimi nimemwagilia miaka minne, nalipa elfu tano. Aliyenikatia miti yangu na aliyeikatia shule, naye analipa elfu tano. Akishalipa, anapewa risiti ya serikali. Si ameshakuwa mfanyabiashara halali? Elfu tano tu, wizi umesafishwa!"

Aligeukia wauzaji wenzake.

"Na sisi tusidanganyane. Tunajua fuso gani zinatuletea. Tunanyamaza kwa kuwa bei yao ni ya chini. Mimi nataka kila mti uulizwe umetoka shamba gani. Usiojibu usiuzwe. Na aliyeotesha mwenyewe apunguziwe."

Pastory hakuukwepa mjadala. Alikiri kwamba suala la mti ulikotoka lilizungumzwa ofisini, likaachwa kwa kukosa watu wa kulisimamia. Kisha akamrudishia swali: mkulima akimwombea mwizi karatasi ya uthibitisho kijijini kwamba miti ni ya shamba lake, itakuwaje?

"Hapo nilikwama," Marcelina anasema wazi. "Nikasema ngoja nikafikirie."

Nje ya ukumbi Pazi alimsubiri.

"Umetuuza, Mama Happyness."

"Sijawauza, kaka. Nimesema nilichokiona."

"Ungekiona halafu ungetuambia sisi kwanza. Siyo mbele yao."

Marcelina anakubali kwamba neno hilo lilimwingia. Bado anaamini alifanya sahihi, lakini anasema Pazi alikuwa na haki ya kukasirika.

Gharama ilikuja haraka. Sehemu aliyozoea kuuzia sokoni alikuta imekaliwa, na hakuna aliyesogea kumpisha. Ndiyo maana sasa yuko pembeni, karibu na mtaro. Hata Renatus alimshauri apumzike msimu huu, miti ikauzwe na Anuari huko Bunda.

"Nikamwambia, baba Happyness, nikikaa nyumbani watasema nimeona aibu. Mimi sijaona aibu. Nitakwenda, nitakaa popote watakaponiacha."

Jibu la swali la Pastory alilipata kwa majirani zake. Walimwambia kijijini hakuna anayeweza kukata pikapu nzima ya miti bila watu kuona, kwa hiyo karatasi isiandikwe mezani. Mtendaji wa kijiji na majirani wawili wafike shambani siku ya kukata, waone visiki. Pastory alipopanda mlimani kwa Marcelina mwishoni mwa Novemba, walimweleza hilo wakiwa wamesimama katikati ya miti.

"Nilikwenda nikidhani nitaona ua wa nyumba," afisa huyo anasema. "Nikakuta shamba. Njia yao siyo kamilifu, lakini inatekelezeka."

Siku chache baadaye utaratibu ulitangazwa: mti usio na uthibitisho wa kijiji hauuzwi. Wiki ya kwanza ya Desemba fuso moja iliyosheheni miti ilizuiwa kwenye geti la ukaguzi wa mazao, dereva akashindwa kutaja shamba hata moja.

Nusu ya pili ya ombi la Marcelina haikupita. Elfu tano imebaki pale pale, kwa aliyeotesha na kwa aliyenunua. Punguzo, wameambiwa, lazima lijadiliwe na madiwani. Kwa hiyo msimu huu analipa kama wote, na kwa kuwa bei ya elfu ishirini imempunguzia wateja, anatarajia kupungukiwa na theluthi ya alichozoea.

"Inaniuma, sitadanganya," anasema. "Nimetukanwa kwa ajili ya ushuru ambao hata mimi unanikandamiza. Lakini fuso imezuiwa. Mwaka huu nimepanda mlimani sijakuta kisiki nisichokijua."

Pazi bado hamsalimii. Hata hivyo wiki iliyopita mke wake, Mwamvita, alifika Suguti na beseni, akataka miche.

"Akaniambia, dada, yule na hasira zake, mimi na shamba langu," Marcelina anacheka hadi anashika kiuno. "Nikampa, nikamfundisha na kuikata. Nilimwambia jambo moja tu: usimnyime mti matawi yake ya chini."

Wanawake wengine wa Suguti na Bukima nao wameanza vitalu. Februari, madiwani watakapokutana, Marcelina anataka kwenda nao wote, wakaombe mti wa shambani utozwe elfu moja. Mwalimu Grace ameahidi kufuatana nao, na Anuari amesema atafunga duka siku hiyo.

Je, wakikataliwa?

Marcelina anaufunga kwa kamba mti wa mteja mwingine, anaukaza kwa goti, anauinua kuupima uzito kabla ya kujibu.

"Wakikataa Februari, tutarudi kikao kinachofuata. Wakikataa tena, tutarudi. Mimi nalima kitu kinachokaa miaka minne ndipo kikupe hela. Kusubiri nimezoea. Ila sisubirigi nimekaa."