Hirizi Niliyomshonea Kaka Sudi

Asubuhi tuliyoondoka Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, kaka Sudi alimwaga chai juu ya gauni la mteja wangu, akasema ndivyo ilivyoandikwa. Kwake yeye kila kitu kiliandikwa: chai, mvua, hata kuchelewa treni. "Siku ya kufa nyani miti yote huteleza," alipenda kusema, nami nilimjibu kuwa nyani wake huyo hapumziki. Mimi ni fundi cherehani; yeye aliuza vitenge. Mara kwa mara tuliifuata njia ya wapagazi wa zamani, Tabora hadi Kigoma, siku hizi kwa treni, kisha tukavuka ziwa kwenda kuchukua mzigo Kongo.

Safari ile tulikuta soko tulilolizoea lina watu wachache. Kabla hatujafunga mzigo, wapiganaji walishuka kutoka milimani. Askari wa serikali walikuwa wameshakimbia. Wanaume wenye nguvu, kaka akiwemo, walibebeshwa mizigo. Mimi nilikutwa na mkasi na sindano mkobani.

Kamanda wao alikuwa na sauti ya upole, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Banasema watu ya Tabora munajua dawa," aliniambia. "Utashona hirizi ya kuzuia risasi."

Nilimwambia mimi nashona magauni. Akatabasamu, akaniwekea ngozi ya mbuzi mapajani.

Nilishona. Ndani nilitia vipande vya kitenge, maana sikuwa na kingine, na nilimnong'oneza kaka ili ajue. Hirizi zilipofika idadi ya kutosha, kamanda aliinua moja.

"Tutajaribu. Wewe, ao ndugu yako?"

Kaka Sudi alisimama kabla sijafungua mdomo.

Wakamvalisha. Wakamsimamisha kwenye ukuta wa ghala la mihogo. Alijibana ukutani kana kwamba ungemficha. Nilimsikia akitamka shahada. Aliniangalia mimi, si bunduki.

Mpiganaji mmoja akalenga.

Akafyatua.

Kikasikika kitu kama kufuli linalofungwa. Basi. Risasi haikutoka.

Bunduki ile ilikuwa na kutu. Tangu asubuhi niliiona imelazwa matopeni. Lakini wapiganaji walipiga kelele za furaha, wakagombea hirizi zangu. Mimi nilijiinamia nikalia. Nilimshukuru Mungu, na ninamshukuru bado.

Kaka Sudi hakulia. Aliishika ile ngozi kifuani na kuipapasa taratibu.

Wapiganaji walipoanza kujipanga kwenda vitani, hakuna aliyetuangalia tena. Mama mmoja wa pale alininong'oneza kwamba kuna mtumbwi unaondoka. Nikamvuta kaka mkono.

"Kaka, ivue twende. Ndani mna vitambaa tu. Nimevitia mwenyewe."

"Najua kilichomo, mdogo wangu. Lakini aliyesimama pale ni mimi."

"Bunduki ilikuwa mbovu!"

"Na ni nani aliyefanya ikatae kwangu?"

Nilimvuta tena mkono. Swali hilo ninalo mpaka leo. Alisema maisha yake yote alikuwa muuza vitenge tu, na sasa amejua kwamba ameachwa hai kwa kazi fulani. Nilimuuliza kazi gani. Akasema ataonyeshwa. Nilimtajia mkewe, nikamtajia watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani, kisha akafuatana na wapiganaji.

Mwenye mtumbwi aliniita mara ya pili. Nikapanda.

Tulikuwa bado karibu na ufukwe tuliposikia milio. Bunduki hizo hazikuwa na kutu.

Habari niliipata Kigoma, kwa mkimbizi aliyesaidia kuzika. Kaka alikuwa mbele ya wote, kifua wazi, mikono mitupu. Nyuma yake walilala vijana wengi wenye ngozi za mbuzi shingoni, na kila mmoja wao alikuwa na kwao.

Tabora wanasema siku yake ilifika. Wifi yangu naye husema hivyo, maana ndivyo anavyoweza kupata usingizi, nami simpingi. Huenda ni kweli. Ila bunduki ile ingelia, ningemzika kaka yangu, mtu mwoga aliyesimama kwa ajili yangu. Haikulia, nami nikarudishiwa mtu mwingine mwenye sura yake. Watu hunipa pole kwa vile vita vya siku hiyo, na ninawaitikia. Lakini kaka Sudi nilimpoteza pale ukutani, akiwa mzima.