Slab ya Mama Wambui, na mahindi yaliyotaka kufika dari

Wakuu, niaje. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na sijaiongezea chumvi.

Mimi ni engineer wa structures, niko Bungoma. Mama ya classmate wangu Wambui anauza mahindi Kitale, ana stoo ya gorofa moja.

Mavuno yalikuwa mazuri. Chini kukajaa, akataka kujaza magunia juu hadi dari. Wambui akaogopa, akaniita.

Nikapima slab, ile sakafu ya zege ya juu, tukatoboa kidogo kuona vyuma, nikarudi Bungoma kwa laptop.

Sasa, kuna njia ya kujua mzigo wa kuangusha slab bila kuiangusha. Unaigawanya vipande vidogo, ndio finite elements, halafu optimization, hesabu ya kutafuta jibu bora kabisa, inakutafutia namba mbili. Ya chini inasema: mpaka hapa inabeba. Ya juu inasema: ukipita hapa inaanguka. Ukweli uko katikati.

(Hesabu ikiwa convex, yaani kama bakuli lenye kitako kimoja tu, computer haikwami kwa jibu la uongo. Ndio naipenda.)

Run ya kwanza, mzigo wa Mama ukawa katikati kabisa. Nikampigia.

"Itaanguka ama haitaanguka?"

"Bado sijui, mama. Ngoja mpaka kesho."

"Si wewe ni engineer? Mvua inakuja, na vijana wa kubeba wako hapa!"

Akakata simu. Iliniuma, bana.

Nikagawanya slab vipande vidogo zaidi, hasa karibu na nguzo. Namba ya juu ikashuka. Ikashuka tena, ikapita chini ya mzigo wake. Maana yake, akijaza hadi dari, inaanguka.

Ile ya chini nayo ikapanda: magunia yakiishia kiunoni, hakuna shida.

Asubuhi nikaenda Kitale. Nikakuta yamefika kifuani na vijana bado wanapandisha.

"Mama, wasimamishe. Sasa najua."

Akawaita washushe mpaka kiunoni, ya ziada yakaenda kwa stoo ya jirani.

Slab iko mpaka leo, hata crack hakuna. Juzi Mama akaniuliza, "Na nitajuaje ulisema ukweli, na haikuanguka?"

"Hutajua, mama."

Akacheka, akaniwekea chai.

Nilichojifunza: "bado sijui" ni jibu halali, bora usilale hapo.

Nyinyi mlio site, mshawahi kuzuia kitu ambacho mwishowe hakikutokea? Mliwaambia nini watu wakawaamini?