Sakafu Aliyoitambua Mama

Juzi nilirudi Guangzhou, nikasimama juu ya kioo kile kile katikati ya barabara ya maduka, nusu ya China ikinipiga vikumbo, nikacheka peke yangu. Rafiki yangu, chini ya kioo kile ipo sakafu ya udongo. Bila mama yangu, leo pangekuwa na bomba la majitaka.

Nilikuwa na miaka kumi. Miaka ile ya elfu mbili mji mzima ulichimbwa, vumbi tukalila na fufu, ugali wetu wa muhogo. Mama, mfanyabiashara wa Bukavu, alinunua jinzi katika soko la Zhanxi na kuzisafirisha kutoka kiduka chetu katika jengo la Tianxiu, chembamba hata ukipiga chafya jirani anafuta uso. Ghorofa ya juu nyumbani aliishi mwalimu wa akiolojia. Asubuhi moja tulimkuta katikati ya barabara ya maduka, ukingoni mwa shimo alilokuwa akichimba, brashi mkononi, macho mekundu. Alikuwa amefukua barabara za kale, moja juu ya nyingine kama chapati, na sasa bosi wa ujenzi anataka kufukia saa sita. Chini kabisa, mwalimu alisema, limebaki tope la mafuriko tu.

Mama akavua viatu vya visigino, akashuka.

“Mwambie hili si tope la mto,” akaniambia. “Mtu amelisiriba kwa mkono. Ona vidole.”

Nikatafsiri. Kweli, upinde juu ya upinde, vidole vinne vinne. Mama akaeleza kwamba anayesiriba sakafu huenda kinyumenyume hadi mlangoni, asikanyage kazi yake. Basi mlango uko kule, akaonyesha upande ambao haujachimbwa.

Aliomba siku tatu. Bosi akajibu mei you, hakuna. Mama akashuka hadi mbili, hadi moja, kisha akachukua viatu, akageuka kama anayekwenda duka la pili. Bosi naye mtu wa Guangzhou. Mteja akigeuka, ulimi wake hufunguka wenyewe.

“Saa kumi. Mwisho.”

Saa tisa na nusu brashi ya mwalimu ikagonga kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kwa nyayo, palepale mama alipoonyesha. Mwalimu akaketi udongoni akalia. Bosi mwenyewe akaamuru tingatinga lizimwe.

“Mwambie mama aliyesiriba hapa alitumia mkono wa kushoto,” mama akasema, akivaa viatu.

Kiduka chetu kimekwenda, mwalimu amehama, na nyumba ya mama Bukavu siku hizi ina marumaru, hasiribi tena. Nilimpigia simu nikiwa juu ya kioo. Kizingiti hakukiulizia. Aliuliza kama vidole bado vinaonekana.

Nikamwambia vinaonekana hadi Bukavu.